Kitu Kisichowekwa Rafuni

Rafu ya mchele ilijitoa ukutani, ikateleza juu ya vigurudumu vyake bila kelele, ikasimama mbele ya mama mmoja aliyekuwa anapita. Nyuma yake ikaja rafu ya nazi za pakiti, ikajiweka ubavuni kama shoga yake. Yule mama hakuwa na haja ya nazi. Akaishika, akaitazama, akaitia kikapuni.

"Umemwona?" Ami Haroub akacheka nyuma ya kaunta. "Mwanangu, mashine yako ina ulimi mtamu kumshinda baba yangu, Mungu amrehemu."

Mhandisi Tatu akatabasamu. Kila rafu-tembezi ilibebwa na roboti bapa iliyofichwa chini yake, na zote ziliongozwa na akili moja aliyoiita kimaizi. Kimaizi kilimtambua mteja tangu kizingitini, kikakumbuka manunuzi yake, kisha kikamsogezea bidhaa mbele ya macho, usawa wa mkono.

"Kitu ni kilekile, Ami. Ukikiweka pembeni kinalala, ukikiweka njiani kinaondoka."

Na kweli duka lilikuwa limefufuka. Tanga nzima ya zama hizo iliagizia vitu nyumbani, na vipungu, vile vindege visivyo na rubani, vilidondosha mizigo madirishani. Ami alikuwa amebakiwa na wazee wachache, keshaanza kusema atafunga. Tatu alilelewa humo dukani tangu baba yake alipofariki. Hakutaka kuona mlango ule ukifungwa.

"Hodi wenyewe!" Bi Mwanamkasi aliingia, leso begani.

"Shikamoo, bibi," Tatu akamwamkia. "Mzee Bakari kaamkaje?"

"Marahaba. Alhamdulillahi. Leo kanywa uji, na kanigombeza kwamba hauna sukari. Akinigombeza nafurahi, najua yupo. Nipeni sukari."

Rafu zikaanza kujongea. Ya sukari haikuja. Ilikuja rafu ya kitambaa cheupe cha bafta, ikafuatwa na ya pamba, na ya ubani, na ya marashi ya waridi na karafuu maiti. Zikamzunguka bibi wa watu, kila kitu usawa wa mkono wake. Hakuna mtu Tanga asiyejua vitu hivyo vinakutana kwenye shughuli gani.

Bi Mwanamkasi akashika ukingo wa rafu.

"Haroub," akasema taratibu, "kwani mume wangu kafa, nami sijaambiwa?"

Akageuka, akatoka. Sukari hakuichukua.

Tatu alikipekua kimaizi chote. Hakikuwa na hitilafu. Kilikuwa kimeona tu kwamba wanaonunua glukosi, unga wa uji na nepi za watu wazima, kama Bi Mwanamkasi, baadaye hurudi kununua bafta. Kikaona kimrahisishie.

"Bafta uliitoa wapi?" Ami aliuliza.

"Chini ya kaunta. Ilikuwa imeviringishwa kwenye magazeti pamoja na ile karafuu maiti. Nikadhani umeisahau."

"Sikuisahau, mwanangu, niliificha. Mwenye msiba huja akainama hapa, akanong'ona. Mimi humkabidhi, simuulizi neno. Kitu hicho hakitangazwi."

Alasiri Tatu alikwenda nyumbani kwa Bi Mwanamkasi na sukari na kipande cha halua. Alikuwa hajamaliza kuomba radhi, sauti ikatoka chumbani, nyembamba lakini na ukorofi wake:

"Ndiye huyo? Mwambie mimi mrefu! Apime vizuri, asije akaniacha miguu nje!"

"Nyamaza, mzee wee, usijichulie!" Bi Mwanamkasi akacheka, huku akijifuta macho kwa pindo la leso. Kisha akamshika Tatu mkono. "Sikuikasirikia mashine yako, mjukuu wangu. Hilo neno mimi na yeye tunalizunguka kila siku. Lakini kwenda au kubaki ni amri ya Mungu. Rafu isinitangulie."

"Halua iko wapi?" sauti ikauliza.

Tatu alirudi dukani, akakifundisha kimaizi kusahau kwamba uji na nepi hufuatwa na bafta. Bafta akaiviringisha mwenyewe kwenye magazeti, na karafuu maiti ndani yake, akairudisha chini ya kaunta.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Bi Mwanamkasi aliporudi. Rafu ya sukari ilimkimbilia, ya halua ikafuata. Akazipapasa zote mbili kama mtu anayepapasa mbuzi wake, akazipita. Akainama kwenye kaunta. Akanong'ona.

Ami hakuuliza neno. Akainama, akatoa lile furushi la magazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Tatu akatoka nyuma, akamfunika bibi kwa mwavuli, akamsindikiza mpaka kwake.

Aliporejea, kioo cha kimaizi kilikuwa kinasubiri jibu: *Bidhaa imetoka bila kuonekana na mteja. Nyingine iwekwe rafu ipi?*

Tatu akajifuta vidole, maji yakimdondoka nguoni. Akaandika: *Chini ya kaunta.*