Umejuaje Kwamba Hapandi Treni?

"Usilie, mpenzi. Hapandi treni huyo. Anarudi kwa mpenzi wake."

Fundi cherehani akageuka kumtazama mchumba wake, daktari wa mifugo, aliyejilaza kwenye kochi. Mwanamke wa kwenye filamu alikuwa bado stesheni na mkoba wake. Ghafla akautupa, akarudi mbio.

"Umejuaje?"

"Nimebahatisha tu."

"Si umesema hujawahi kuiona?"

"Za zamani zote huishia hivyohivyo, bwana!"

Moyo wa fundi haukutulia. Filamu ile ya kigeni, isiyo na rangi, alipewa na mjomba wake mwenye duka la kuazimisha filamu. "Chukua hii," mjomba alimwambia. "Ni ya kabla mama yako hajazaliwa, lakini itakuliza. Itunze, nakala ni hii moja tu."

Akaingia jikoni, akapiga simu.

"Mjomba, kabla yangu nani aliiazima?"

"Mdogo wako. Alitaka ya kutazama na mchumba wake. Kwani hujamjua shemeji yako?"

Mchumba? Mdogo wake hakuwa na mchumba! Akamwandikia ujumbe: "Ile filamu ya stesheni uliitazama na nani?"

Jibu likaja papo hapo: "Dada, nisamehe. Nilitaka kukwambia mwenyewe."

Mdogo wake, ambaye walilala kitanda kimoja tangu utotoni! Akarudi sebuleni na simu mkononi.

"Una nini?" daktari akauliza.

Akamwonyesha simu. Daktari akasoma, akapiga magoti.

"Ni shetani tu, mpenzi. Mara moja tu!"

"Shetani ndiye aliyekwenda dukani kuazima filamu?"

"Harusi Jumamosi. Watu wamealikwa. Tutaficha wapi nyuso zetu?"

Maneno yakamtoka fundi bila kufikiri:

"Basi muoe yeye! Gauni nimeshamaliza kulishona, na vipimo vyetu ni sawa."

Alitegemea akatae. Alitegemea alie, aape kwa jina la mama yake.

Daktari akainua kichwa taratibu. Uso ukamng'aa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kweli? Wewe ungekubali?"

Fundi akapigwa na butwaa. Kumbe hakuwa na haja hata ya kubembelezwa! Machozi yakamkauka hapohapo. Akavua pete, akamwekea kiganjani, akafungua mlango.

"Toka. Na mwambie mdogo wangu gauni akashonewe kwingine."