Vipele vya Kunde

Fundi cherehani alisimama kwenye kunde nyuma ya nyumba, futi yake ikining'inia shingoni. Aliinua mche mmoja kama hakimu anayeonyesha ushahidi.

"Vipele!" alitangaza. "Mizizi yote ina vipele. Huu ni ugonjwa. Tunang'oa zote, tunachoma moto."

Mstari mmoja alikuwa amekwisha kuuchoma.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kwa Nini, alitua ndoo. Kunde zile ndizo zilikuwa mboga ya wanawe na mbegu ya mwaka ujao. Akaingia katikati ya shamba, akakaa kitako.

"Haya, ng'oa. Anza na mimi."

"Mama watoto, mimi ndiye baba wa nyumba hii!"

"Nyumba, sawa. Shamba nimelima mimi. Kwa nini majani yawe mabichi hivi, kama mizizi inaumwa?"

Fundi akapandisha sauti. Sauti ikaruka ua, ikamleta jirani yao bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, mswaki ungali mdomoni.

Bibi shamba alikwangua kipele kwa ukucha. Kikabanduka. Akakipasua.

"Shemeji, rangi gani hiyo?"

"Nyekundu nyekundu. Kama nyama."

"Basi kiko kazini. Hiki ni kinundu. Ndani wanaishi bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hewa imejaa nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Bakteria huitwaa hewani, wakaigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao huwalisha sukari."

Fundi alitazama majivu. "Kwa hiyo nimechoma wapishi pamoja na jiko lao."

"Na ugonjwa wenyewe ukoje?" aliuliza Mama Kwa Nini, bado kakaa.

"Minyoo ikiingia, mzizi wenyewe huvimba. Uvimbe huo haubanduki. Na mkivuna, msing'oe. Kateni shina. Mizizi na majani vioze humo humo, virutubishe udongo."

"Shamba litaonekana chafu," fundi alinung'unika.

"Wewe shona," mkewe alimjibu. "Uchafu niachie mimi."

Baada ya mavuno alikata mashina, mizizi ikabaki ardhini. Msimu uliofuata alipanda mahindi pale pale. Yakaota ya kijani kibichi, yamenenepa. Ila mstari mmoja ulikuwa mwembamba, wa manjano.

"Huu umepatwa na nini?" wapita njia waliuliza.

"Huo," Mama Kwa Nini alijibu kwa sauti ya kufika dirishani, "ulitibiwa na daktari wetu."

Ndani, cherehani ilianza kukimbia kwa kelele, ingawa haikuwa na kitambaa.