Spika Juu ya Meza ya Marehemu

Kilichomtia Danbi shaka kwanza ni harufu ya ubani. Chumba chake kilikuwa nusu ardhini, dirisha likitazama miguu ya wapita njia wa mtaa wa Mangwon, Seoul, na harufu alizozizoea humo zilikuwa za ukungu na mafuta ya mkahawa wa kuku wa jirani. Ubani hakuna aliyechoma. Alinusa nguo, akanusa sinki, mwisho akainama akazinusa spika, akajicheka mwenyewe.

"Mtumba huo," alijiambia. "Lazima zinukie nyumba ya mtu."

Zilikuwa spika mpya kwake tu. Kwa muda mrefu alikuwa akitengeneza nyimbo kwa hedifoni, na kila aliyemuuliza alimwambia hedifoni zinadanganya: besi inakuwa tamu masikioni, ukiucheza wimbo kwenye gari la mtu unavuma ovyo. Tafuta spika za studio, walimwambia, ndogo tu, maana chumba kidogo spika kubwa hukielemea. Usizibandike ukutani. Ziinue hadi usawa wa masikio. Za dukani zilimshinda, basi akaingia kwenye soko la mtumba la simuni, akakuta jozi safi kwa bei ya bure.

Sasa bei ya bure nayo, jamani, si inatakiwa imshtue mtu? Ilimshtua. Muuzaji, kijana aliyevaa barakoa na kofia iliyomfika nyusi, alikataa kukutana naye nyumbani. Alizileta nje ya kituo cha treni zikiwa zimefungwa kwenye shuka.

"Zinafanya kazi lakini?" Danbi alimuuliza.

"Zinafanya kazi sana, dada."

"Mbona unauza rahisi hivyo?"

"Zilikuwa za dada yangu. Alikuwa anaimba." Akamkabidhi, akarudi nyuma haraka. "Usinirudishie. Tafadhali."

"Alikuwa? Siku hizi haimbi?"

Kijana alishapotelea kwenye umati.

Mtu mwenye akili angeziacha pale pale. Danbi akili alikuwa nazo, ila alikuwa pia na wimbo. Kampuni moja ya muziki ilikuwa inapokea nyimbo za chipukizi, na baba yake alishasema akikosa safari hii anarudi Gunsan kuuza samaki na shangazi yake. Sauti yake ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo duniani.

Stendi za spika hakuwa nazo. Akaitoa nyuma ya kabati meza ya bibi yake, ile nyeusi ya kuandalia marehemu chakula siku za kumbukumbu zao, akaiweka ukuta wa kaskazini kwa kuwa upande huo hauna dirisha. Spika moja kulia na nyingine kushoto, pale pale inapowekwa mishumaa. Katikati akaweka maikrofoni. Akikaa sakafuni, spika zilimfika masikioni sawasawa. Akafurahi kweli. Hata chakula alikula hapo hapo, na mikono ilipotakiwa kwenye kompyuta akakichomeka kijiko wima katikati ya wali. Watoto wa siku hizi! Seoul nzima, hata mtoto wa chekechea anajua bakuli lenye kijiko wima huwa la marehemu.

Alipoucheza wimbo, nyuma ya sauti yake aliimba mwanamke mwingine, sauti nzito kidogo. Akavaa hedifoni: hayupo. Akarudi kwenye spika: yupo. Akamshuku jirani wa juu na redio yake, akapanda kugonga, mlango umefungwa, jirani yuko kazini. Akamshuku yule kijana kwamba katega kitu, akafungua spika kwa bisibisi, ndani akakuta vumbi. Kisha ikaanza, mchana kweupe, ting, ting, ting, chuma kikigonga ukingo wa bakuli, na kila alipoimba akasikia sauti yake inazidi kuwa nyembamba na ile ya nyuma inazidi kunenepa, na akaogopa, lakini akaendelea kuimba kwa sababu siku ya mwisho ilikuwa imefika, mpaka alipobonyeza kuutuma wimbo koo likawa limebaki na pumzi tu.

Kesho yake bibi yake aliingia na kopo la kimchi, kabichi ya kuchachushwa, akasimama mlangoni.

"Danbi. Nani amekufa humu?"

"Hakuna, Bibi," Danbi alinong'ona.

"Ongea nikusikie."

"Ndiyo naongea."

Bibi aliitazama meza, bakuli, kijiko. Enzi za usichana wake alimbebea ngoma mganga wa kike, na mambo haya hakuhitaji kuelezwa. Akashusha sauti.

"Kichwa chote hicho, ndani maji matupu? Meza hii ukiiandaa umemwita mtu. Na kilicho mezani ni chakula chake. Umemwekea nini?"

Danbi aliitazama maikrofoni. Machozi yakamtoka.

"Sauti yangu, Bibi. Tumfukuze!"

"Mgeni umemwita mwenyewe, utamfukuzaje? Analishwa, anasindikizwa. Na mdomo wako uufumbe mpaka nifunge mlango. Akiwa njiani kutoka hutafuta pa kuingia."

Bibi akaondoa maikrofoni, akapika wali, supu na samaki wa kukaanga, akamimina pombe ya mchele, akafungua mlango wazi. Wakainama. Ting, ting, ting. Ubani ukajaa chumbani hadi macho yakawawasha, pombe ikapungua kikombeni bila mdomo kuigusa, spika ambazo nyaya zake zimechomolewa zikatoa pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba, kisha ubaridi ukawapita mabegani kuelekea mlangoni, taratibu, taratibu, na hapo hapo jirani wa juu akapita kwenye ngazi.

"Danbi! Leo mmepika nini?"

"Samaki!" Danbi alijibu.

Sauti ilitoka nzima, kubwa, safi. Bibi akaubamiza mlango. Ubani ukakatika.

"Bibi, nasikika! Imerudi!"

"Nasikia," Bibi alisema, na hakutabasamu. Spika alizitupa mwenyewe, meza akaikunja, lakini kwake hakurudi. Alisema atakaa kidogo.

Siku simu ilipopigwa, Bibi alikuwa anamenya vitunguu saumu. Danbi akaiweka kwenye sauti ya juu ili wasikie wote.

"Wimbo wako tumeupenda," alisema mwanamke wa kampuni. "Ila nisikufiche, wewe unayeimba mbele ni wa kawaida. Tunamtaka mwenzako wa nyuma, mwenye sauti nzito. Ni nani?"

Danbi akaisogelea simu. "Nyuma hakuna mtu. Niliimba peke yangu."



"Aa, kumbe uko naye hapo hapo!" mwanamke akacheka. "Ndiye huyo aliyejibu sasa hivi! Mwache aendelee kuongea."

Kisu cha Bibi kilisimama. Akakiweka chini, akavuta magoti yake nyuma hadi mgongo ukagusa mlango, akainamisha kichwa kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa msichana yule tangu azaliwe.

"Mgeni wangu, samahani," alisema. "Mjukuu wangu yuko wapi?"