Waringa Aomba Asiandike Kumbukumbu

Asubuhi hiyo Waringa alichemsha chai, akamimina, kisha akashindwa kuinywa. Mumewe, Mbuthia, akamtazama.

"Kwani uko na nini?"

"Debra alikimbizwa na wanaume fulani njiani jana jioni, akitoka mazoezi."

Akasukuma kikombe kando.

Waringa ni naibu mkurugenzi wa michezo katika chuo kimoja kule Uthiru. Debra ni kipa wa timu ya soka ya wasichana. Kila siku timu ya wanaume hutumia uwanja kwanza. Wasichana wakimaliza, giza limeingia, na njia ya kwenda wanakopanga vyumba haina taa. Debra alikimbia akaponea chupuchupu. Na kesho je?

"Si uambie kamati ya michezo?" Mbuthia akauliza.

"Huko mimi huandika tu kumbukumbu za mkutano. Nikitaka kuongea, mdomo unakauka."

Ni kweli. Kamati ina mwanamke mmoja tu, na ndiye hupewa kalamu kila mara, utadhani alizaliwa nayo.

Jumamosi Waringa alikwenda Parklands, kwenye mafunzo ya wanawake wanaosimamia michezo vyuoni. Mkufunzi wao, Avni, aliwahi kuongoza idara ya michezo chuoni. Waringa akamweleza yote.

"Hata mimi niliogopa sana," Avni akasema. "Lakini skiza. Ukiandika maneno ya wengine, yako utasema saa ngapi? Mpigie mwenyekiti mapema, hoja yako iwekwe kwa ajenda. Omba kuandika kuwe kwa zamu. Halafu tafuta mtu mmoja wa kamati, umweleze shida kabla ya mkutano. Usiingie huko peke yako."

"Na wakinicheka?"

"Ngoja wamalize, uendelee."

Jumatatu Waringa akampigia mwenyekiti, Bwana Oloo. Kisha akamwendea Mutie, kocha wa timu ya wanaume, aliye pia kwenye kamati. Mutie hakuwa na habari ya yaliyompata Debra.

"Mbona hukuniambia, Madam?"

"Nilikuogopa."

Mutie akainamisha kichwa.

Siku ya mkutano Waringa alifika mapema. Oloo akamsukumia kalamu kama kawaida.

"Mwenyekiti, leo naomba mwingine aandike. Niko na hoja."

Mtu akacheka. Waringa alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini akangoja kicheko kiishe. Mutie akanyoosha mkono, akachukua kalamu.

"Nitaandika mimi. Endelea, Madam."

Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Alieleza giza, njia na wale wanaume. Akapendekeza timu zipokezane siku, na mazoezi yote yaishe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wakabishana sana, mwishowe wakakubali.

Siku ya kwanza ya ratiba mpya, jua likiwa bado linawaka, Waringa alisimama langoni, roho mkononi. Wasichana wakapita wakipiga gumzo. Debra akageuka.

"Madam, wewe enda tu nyumbani. Leo tunaona njia."