Hapa Haitwi Mtu Mara Mbili

Jua lilikuwa linazama Matroni alipokumbuka kwamba mashuka ya bweni bado yako kambani, na kwamba aliyetumwa kuyaanua ni binti yake mwenyewe.

Shule nzima ilimwita Chiriku. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, hata usingizini alikuwa na la kusema.

Sasa huko nyuma ya bweni kulikuwa kimya.

Matroni akavua viatu, akakimbia.

Shule ya binafsi ya bweni haikosi kitu cha kuwaringia wazazi. Nyingine zina bwawa la kuogelea. Hii ilikuwa na amri, imeandikwa getini kwa rangi nyekundu: HAPA HAITWI MTU MARA MBILI. Ukisikia jina lako unaitika “Nipo!” papo hapo, uwe bafuni, uwe ndotoni. Wazazi waliipenda mno. Nyumbani walikuwa wakiita mpaka koo linakauka.

Lakini Matroni alikulia jirani, enzi hapo pakiwa pori tupu. Mama yake alimfundisha: jioni ukiitwa, nyamaza, ngoja uitwe tena. Kile kitu cha porini huita mara moja tu. Kiliita miaka na miaka, hakuna aliyekijibu.

Kisha ikajengwa shule, watoto wakafundishwa kuitika.

Muhula huu msichana mmoja alirudi kutoka kuanua nguo kambani akauliza, “Matroni, umeniita?” Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Tangu siku ile hasemi ila “Nipo”, nayo mpaka aitwe. Akafuata wa pili. Juzi, wa tatu.

Asubuhi ya leo Matroni alikwenda kumwangukia mkuu wa shule.

“Mkuu, nakuomba, niruhusu nimtoe mwanangu. Leo hii.”

“Anaumwa nini?”

“Bado haumwi.”

“Basi hana fomu ya ruhusa.” Mkuu alifunika kalamu yake. “Na hao watatu, Matroni, mbona wametulia vizuri? Hawabishi, hawapigi kelele. Nafikiria kuwapa ukiranja.”

Ikabaki kumwonya mtoto. Alimbana stoo, kati ya magodoro.

“Jioni ukisikia sauti yangu, usiitike mpaka niite mara ya pili. Umenielewa?”

“Na adhabu, Mama?”

“Nitaibeba mimi.”

“Upige magoti uwanjani na hilo gauni?” Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa Matroni alikuwa katikati ya mashuka. Upepo haukuwepo, lakini yalikuwa yakitikisika… taratibu… kama yanapumua. Yalinuka sabuni, na chini ya sabuni, udongo uliofukuliwa sasa hivi. Alifunua shuka, akakuta shuka. Akafunua jingine. Giza lilikuwa linamwahi. Jina likamponyoka.

“Chiriku!”

Kimya.

Halafu, karibu kabisa, nyuma ya kitambaa, akasikia pumzi ya mtoto anayejizuia kucheka.

Amekumbuka! Mwanangu amekumbuka, anangoja ya pili. Machozi yakamlenga Matroni. Akavuta pumzi aite tena.

“Chiriku!”

Midomo ya Matroni ilikuwa bado imefumbwa.

Sauti ilitoka nyuma ya bega lake. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, mpaka ule mkwaruzo wa mafua ya jana.

“Nipo, Mama!”

Shuka likafunuka. Chiriku akatokea na mzigo wa mashuka kifuani, yamekunjwa vizuri, uso umejaa furaha ya mtoto aliyetii.

“Mama, umeniita?”

Matroni aliangusha viatu, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili.

“Ongea,” alinong’ona. “Usinyamaze, mwanangu. Sema chochote. Nicheke gauni langu, nitukane ukitaka…”

Chiriku alimtazama tu. Ametulia. Mfano wa kuigwa.

Kengele ya masomo ya jioni ikalia. Na kule mwisho wa kamba, nyuma ya shuka la mwisho, mtu akaanza kuongea kwa sauti nyembamba ya kitoto, haraka haraka, bila kupumua, akisimulia habari za gauni na uwanja na magoti, huku akicheka.