Kitabu Alichokianzia Mwisho

"Unamfuata Kenji, au sivyo?"

Abbasi alikibwaga kitabu cha katuni mezani mbele ya Hamida, nyumbani kwa shangazi wa binti huyo, vikombe vikaruka. Tangu asubuhi roho ilikuwa ikimuuma. Alikuwa amepiga simu ofisini kwa mchumba wake huyo, mradi wa maji wa Wajapani kule Chamwino, akajibiwa: "Hamida? Si anakwenda Japani mwezi ujao!" Yeye, mchumba mtu, anaambiwa na karani! Akaiacha meza yake ya mitumba pale Majengo na kuja mbio.

"Kitabu changu umekitoa wapi?"

"Ulikisahau kwangu jana. Mwaka mzima umekumbatia makatuni ya mwanamume!"

"Kenji wa mradini aliniachia nijifunze Kijapani, akarudi kwao kwa mkewe. Hii ni kozi, Abbasi, miezi sita tu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kukwambia."

"Michoro imeshaniambia. Tazama!" Akafunua jalada. "Hapa binti kamkumbatia mchumba wake mlangoni. Hapa yumo kwenye treni, analia. Hapa ndege hiyoo! Na mwisho yuko ng'ambo anacheka na watu wengine, mchumba kasahauliwa. Kesho mjomba wangu Athuman anakwenda kijijini Busi kuwaambia wazee wako. Posa basi!"

Hamida alijikaza, wapi! Kicheko kikamtoka.

"Unanicheka?"

"Wewe si umehitimu msahafu kulekule Busi? Msahafu unafunguliwa kutoka upande gani?"

"Kulia. Kwani vipi?"

"Na hiki cha Kijapani vilevile. Umeanzia mwisho."

Akakigeuza, wakapitia ukurasa kwa ukurasa. Ng'ambo. Ndege. Treni. Mlango. Kumbe binti analia kwa hamu ya kufika kwao! Abbasi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Wivu haukumwisha wote, asikudanganye mtu, lakini ulilegea.

"Hapa mlangoni anasema nini?"

"Tadaima. Nimerudi."

"Na huyu mwanamume?"

"Okaeri. Karibu nyumbani."

Abbasi alivuta kigoda. Akaketi karibu yake.

"Mjomba haendi popote. Ila wewe ungeniambia mapema, Hamida. Umeniumiza."

"Nisamehe. Niliogopa utanikataza."

"Ningekukataza, kweli." Akaweka kidole juu ya yule mwanamume wa mlangoni. "Haya, nifundishe hilo neno lake. Siku ukirudi nataka nikujibu mwenyewe."