Saa Moja ya Jogoo

Niite mwongo sasa hivi, kabla sijaanza, ili tusisumbuane mbele ya safari. Umeshaniita? Haya. Na kama wewe ni wale waliosoma mpaka vitabu vikaomba kupumzika, kaa vizuri zaidi, maana mimi na shule tuliachana mapema bila ugomvi, na bado nitakuonyesha hesabu ambayo mwalimu wako angeikimbia na chaki mkononi. Jambo moja tu: nikijiita kijana humu ndani, usicheke. Kicheko kiweke akiba.

Ilianza na ndevu.

Palikuwa na mwanamke mmoja fundi saa. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, pembe ndogo yenye taa ya kuinamisha, droo za vyuma vidogo vidogo, na kioo cha kukuzia ambacho alikibana jichoni mpaka watoto wakamwogopa. Mikono yake ilikuwa mipole kuliko pamba. Mdomo wake, sasa, huo ulikuwa habari nyingine.

"Fundi, hii saa uliyonitengenezea inachelewa," mteja angesema.

"Haichelewi. Imekuzoea, inakungoja."

Juu ya meza ile ilikaa saa moja ya mezani, ya shaba, yenye kengele mbili kichwani kama masikio. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yake. Mishale ilikuwa imeganda miaka mingi na hakuna dawa iliyoisogeza, lakini kengele ilikuwa hai, tena hai kupita kiasi. Ukikohoa, inalia. Ukipiga meza, inalia. Ukifunga droo kwa hasira, inalia mpaka uombe msamaha. Fundi aliipa jina: Kichaa.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akiishi naye kwenye vyumba viwili, baada ya wazazi kutangulia. Kijana fundi wa kupaka rangi, hodari wa kupanda ngazi na hodari zaidi wa kujisifu. Mtaa mzima ulimwita Jogoo, kwa sababu alikuwa akiamini jua linachomoza kwa kumsikiliza yeye.

Basi, ng'ambo ya barabara ukafunguliwa ukumbi wa mashine za kamari. Mlangoni paliandikwa kwa herufi za kung'aa: CHEZA KWA KIASI. JIWEKEE KIKOMO MWENYEWE. Utaratibu wao ulikuwa huu: ukiingia unaacha saa na simu kwenye kikapu cha kaunta, eti kwa utulivu wa wateja. Ndani hakuna dirisha, hakuna saa ukutani. Unakaa, mashine inakuuliza unataka kutumia kiasi gani na kukaa muda gani. Unachagua, unabonyeza kidole gumba. Kikomo kikifika, mashine inapiga kengele, inajifunga, na huchezi tena mpaka kesho.

"Mimi nimejiwekea saa moja," Jogoo alimwambia dada yake, kifua mbele. "Saa moja tu kwa siku, ya chakula cha mchana. Ikiisha, mashine yenyewe inanitimua. Dada, umewahi kuona mtego unaomwambia panya nenda nyumbani kwako?"

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," dada akasema. "Angalau wewe ukingo umejijengea."

Alimruhusu. Hilo ndilo lililomuuma baadaye.

Siku hiyo Jogoo alivuka barabara akiwa amenyoa. Alinyoa asubuhi mbele ya kioo cha dada yake cha kujitazamia, akaacha nywele kwenye beseni, wakagombana. Saa moja baadaye alirudi akiwa na ndevu. Si vipele vya ndevu. Ndevu za kushika. Na alinukia kama chumba kilichofungwa miaka: vumbi, na chini ya vumbi, waya ulioungua.

"Hukunyoa wewe?"

"Nilinyoa."

Sasa sikiliza, mafundi saa wana ugonjwa mmoja ambao watu wengine hawana: uso wa saa wanauamini kuliko uso wa mtu. Mwanamke yule alimtazama mdogo wake, kisha akazitazama saa zote mezani, na zote, zile nzima, zikasema umepita muda wa saa moja tu. Basi akaamini saa. Akamwambia wembe wake butu, akarudi kwenye kazi. Angekuwa muuza nyanya angepiga yowe siku ileile.

Aliamini saa kwa juma zima. Suruali ya Jogoo ikaanza kumpwaya, akamwambia ale. Akaota mvi masikioni, akamwambia ni rangi ya kazini.

Kilichomfumbua macho ni ukucha. Asubuhi hiyo Jogoo alikuwa amepaka mlango rangi ya buluu, na tone moja likaganda kwenye kidole gumba, chini kabisa, pale ukucha unapotoka kwenye nyama. Dada aliliona wakinywa chai. Mchana, Jogoo aliporudi kutoka ukumbini na kuweka mkono mezani, tone lile lilikuwa kwenye ncha ya ukucha, linasubiri kukatwa.

Fundi alikibana kile kioo jichoni. Akatazama. Akakitoa, akakifuta, akatazama tena.

"Jogoo," alisema, na sauti ilikuwa ya chini kiasi kwamba hata Kichaa hakushtuka. "Humo ndani unakaa muda gani?"

"Saa moja."

"Usinitanie."

"Saa moja, dada. Wallahi." Akajikuna ndevu. "Ni ndefu kidogo."

"Ndefu kiasi gani?"

Alitazama ng'ambo ya barabara kama mtu anayechungulia kama amesikika. "Kuna mtu anakaa kiti cha jirani," alinong'ona. "Uso sijawahi kuuona, shingo inakataa kugeuka. Kila nikihisi kengele inakaribia ananiegemea, anasema, 'Bado kidogo.' Basi inakuwa bado kidogo. Nalala pale, naamka pale, nasahau jina langu, nalikumbuka, na bado ni bado kidogo."

"Anakudai nini?"

"Hanidai kitu. Anakula tu. Nasikia anavyotafuna."

Dada alimpeleka nyumbani, akafunga mlango, akamlaza, akakaa kitini mbele yake na jua la utosi likiwaka nje. Nyumba ilikuwa kimya. Kisha akasikia kitu kama ukucha ukigonga bati, tik, tik, akadhani ni panya, akainamisha kichwa, na ndipo akaona kidole gumba cha mdogo wake, ambaye alikuwa amelala fofofo mdomo wazi, kikinyanyuka na kubonyeza ukuta, kikinyanyuka na kubonyeza, na kila kilipobonyeza, kutoka ndani ya ukuta, ndani kabisa ya tofali, ukatoka ule wimbo mtamu wa mashine za ng'ambo, mdogo kama wimbo wa mbu, na harufu ya waya ulioungua ikapanda kutoka kwenye godoro, na mtu ambaye hakuwemo chumbani akasema karibu sana na sikio lake, kwa upole wa daktari, "Bado kidogo."

Wewe ungekimbia. Usibishe. Yeye alivua kiatu akaupiga ule ukuta nacho.

"Shika adabu!" alisema. "Hii ni nyumba ya watu!"

Siku iliyofuata alikwenda kwa meneja wa ukumbi, bwana mmoja mwenye suti iliyombana kama soseji.

"Mama, kikomo amejiwekea mteja mwenyewe," meneja akasema, akitabasamu kwa meno yote. "Mashine imekiheshimu. Saa moja kaweka, saa moja kapata. Sisi tunafuata sera."

"Saa moja ya nani?"

"Samahani?"

"Nauliza saa moja ya nani. Humo ndani hamna saa."

Tabasamu likalegea kidogo. "Ya mashine," akasema, na akamwomba apishe wateja.

Akaleta mganga. Mganga alikuja na mkoba, na majigambo, na akasema jini gani hilo, yeye aling'oa majini makubwa kuliko hilo kama mtu anayeng'oa karoti. Akaacha saa yake kaunta, akaingia. Hata chai ya fundi haikupoa. Mganga alitoka kandambili zimeisha mpaka visigino vinagusa lami, ndevu kifuani, akampa mkoba wake mwanamke yule.

"Huyo si wa kwangu," alisema. "Tafuta mtu ambaye hajui kuwahi wala kuchelewa." Akaondoka taratibu, akishika kuta.

Fundi alirudi mezani. Jogoo hakuwepo, kidole kilikuwa kimempeleka tena. Akakaa. Akapiga meza kwa ngumi, kwa uchungu, na Kichaa akalia mpaka vyuma vikaruka kwenye droo.

Akamtazama Kichaa. Kichaa akamtazama kwa mishale yake iliyoganda.

"Kumbe wewe," alisema fundi.

Alivuka barabara na Kichaa kwapani. Msichana wa kaunta akainua kikapu.

"Saa hairuhusiwi, dada."

"Itazame vizuri. Inatembea?"

Msichana akaiangalia, akaitia sikioni. "Hii imekufa."

"Basi mimi sina saa. Nina maiti. Nipishe."

Ndani kulikuwa na giza la rangi rangi. Watu walikaa safu kwa safu, hakuna anayekohoa, na alipopita nyuma yao aliona shingo zilizokonda, makola yaliyochakaa, vumbi mabegani mwa watu ambao asubuhi hiyohiyo walikuwa wamesalimiana naye ngazini. Jogoo alikuwa mwisho wa safu. Kichwa chote kilikuwa cheupe. Kiti cha jirani kilikuwa tupu, lakini ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea.

Fundi alikalia kiti cha upande wa pili. Akamweka Kichaa juu ya mashine. Shingo yake ikakaza palepale, haigeuki, na harufu ikaja, na pumzi ikaja, vuguvugu, na sauti.

"Karibu. Jiwekee kikomo."

Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni, asikudanganye mtu, na kadiri alivyokaa ndivyo alivyosahau vitu, kwanza bei ya betri, halafu sura ya mama yake, halafu ni kwa nini amekuja, na kidole chake gumba kilikuwa kimeshaanza kunyanyuka peke yake kuelekea kwenye skrini pale alipouona mkono wa mdogo wake umelala kwenye mapaja, na ukucha wa kidole gumba, mrefu, umejikunja kama kamba ya ngozi, hauna tena hata alama ya buluu.

"Nakiweka," akasema. "Mimi na ndugu yangu na wote waliomo humu, kikomo chetu kimoja. Mpaka saa hii ilie."

Kitu kikaegemea mbele kumwangalia Kichaa. Kikacheka, kicheko cha sarafu zinazomwagika.

"Saa hii mishale yake imekufa."

"Si ndiyo uzuri wake? Haitafika popote. Mtatula mpaka mchoke, wewe na ukoo wako."

"Na ikilia?"

"Ikilia unatoka wewe. Ukumbini, ukutani mwangu, kila mahali. Weka kidole. Kikomo mtu hujiwekea mwenyewe, siyo? Au sera ni ya sisi tu?"

Tamaa ina harufu, na harufu ya waya ikazidi. Kisha juu ya skrini kikatua kidole gumba kirefu, laini, kisicho na mistari, kama sarafu iliyosuguliwa. Kikabonyeza.

Fundi akampiga Kichaa kofi.

Nimesikia kengele nyingi, lakini ile! Ililia kama wanawake mia waliofumaniwa na furaha. Taa zikazimika safu kwa safu, viti vikaanguka, watu wakaamka wakishika nyuso zao na kupiga mayowe, na katikati ya mayowe sauti ile, sasa nyembamba, ikapiga kelele, "Umeniibia!"

"Sijakuibia," fundi akajibu, na sasa shingo iligeuka, na akakodolea macho mahali uso wa kitu kile ulipopaswa kuwa. "Nimekuwekea ukingo. Toka!"

Kiti kilichobonyea kikafura taratibu, kama mtu anainuka. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe na mwanga wa mchana ukaingia mpaka ndani. Akamshika mdogo wake mkono, wakatoka. Ukumbi ule siku hizi ni duka la magodoro, na yule meneja anauza mito.

Haya, cheka sasa. Nilikwambia ukiweke akiba.

Jogoo ni mimi. Nina miaka ishirini na mbili, na watoto wa mtaani wananiamkia "Shikamoo, babu", nami naitikia marahaba maana kubishana kunanichosha pumzi. Ngazi bado napanda. Taratibu, lakini napanda, na ukuta wangu bado umenyooka kuliko wa vijana wote mjini, njoo upime.

Ila kuna kipande nimekiruka. Wakati dada ananivuta mkono wa kushoto kuelekea mlangoni, skrini moja iliwaka tena, ya kwangu. Iliandika: ONGEZA MUDA? Chini yake visanduku viwili. NDIYO. Na cha pili: NIKUMBUSHE BAADAYE. Nilitafuta hapana. Nakuapia nilitafuta. Mkono wa kulia ulikuwa huru, na kidole kikajiendea.

Jana mchana imenikumbusha. Nilikuwa nimeegemea ukuta nilioupaka mwenyewe, rangi haijakauka, na ule wimbo ukaja kutoka ndani ya tofali, mdogo kama mbu. Sikukimbia. Nimeshakula chumvi nyingi kwa siku chache, nitamkimbia nani? Nilimtoa Kichaa, niliyemwiba mezani kwa dada, kwenye ndoo ya brashi ninakomficha, nikampiga kofi. Akalia. Ukuta ukanyamaza. Leo nitakaa palepale, Kichaa mapajani. Aje.

Dada yangu hajui habari hiyo. Ukimwambia, nitasema mwongo ni wewe.